Pumzika Mpaka Lini?

Ndoo ya kwanza niliyoinua baada ya kupasuliwa moyo niliinua kwa kuiba. Ilikuwa nyumbani Kishapu, mwezi wa tano tangu nitoke hospitali Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi, mama akiwa bado ndani. Wala haikuwa ndoo kubwa. Ilikuwa ile ndogo ya lita kumi, tena nimeijaza nusu tu. Nikaitoa kwenye pipa nikaipeleka jikoni, hatua ishirini na kitu, nikaitua, nikasimama kusikiliza. Moyo wangu unasikika. Kukiwa kimya, ile valvu ya bandia inagonga tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Asubuhi ile iligonga haraka kidogo, kisha ikapoa.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe mayu, unataka nikuzike?"

Kwetu Usukumani mzazi humwita bintiye mayu, yaani mama, kwa mapenzi. Siku ile lilitoka kwa hofu. Akaninyang'anya ndoo ile kana kwamba nimeshika nyoka, akasema neno ambalo nilikuwa nimelisikia kila siku kwa miezi mitano: "Si walisema upumzike?"

Ni kweli, walisema. Mhudumu mmoja wa afya huku kwetu, alipoona kovu langu linaloshuka katikati ya kifua, alitikisa kichwa akasema, "Moyo wako umeshonwa, mwalimu. Kazi ngumu basi, maisha yako yote." Lakini Dar es Salaam, kabla sijaruhusiwa, dada wa mazoezi tiba alikuwa ameniambia jambo jingine kabisa. Yeye aliniinua kitandani siku ya pili tu baada ya upasuaji, mipira ikiwa bado inaning'inia mwilini, akanikalisha kwenye kiti. Siku iliyofuata akanitembeza kwenye korido. Akaniambia: utembee kila siku, uongeze kidogo kidogo, kifua kikishapona utarudi kwenye kazi zako nyingi, ila kwa mpango.

Mimi nafundisha historia sekondari. Nikipewa kauli mbili zinazopingana, kazi yangu ni kuuliza kila moja imetoka wapi. Nikaanza kusoma. Makala haya ndiyo niliyoyapata. Naomba yasisomwe kama ushauri wa daktari, maana mimi si daktari. Yasomwe kama historia ya neno moja: pumzika.

Mtu wa kupasua mbao

Nilidhani nitakuta kwamba wazee wa zamani wote walilaza wagonjwa wa moyo, halafu sayansi ya kisasa ikaja kuwaamsha. Kumbe sivyo. Historia hii inakwenda mbele na kurudi nyuma.

William Heberden alikuwa daktari wa London katika karne ya 18. Yeye ndiye aliyeueleza kwa mara ya kwanza, kwa namna tunayoitambua hadi leo, ule ugonjwa wa kubanwa kifua mtu anapotembea. Katika maandishi yake kuna mgonjwa mmoja asiye na jina, ambaye alijipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, na akakaribia kupona kabisa. Heberden anampa mstari mmoja tu kisha anaendelea na mambo mengine. Mimi nimemfikiria sana mtu huyu. Hakuna aliyemwagiza. Alichukua msumeno wake akajitibu, na daktari wake akawa na uungwana wa kuandika alichokiona, ingawa hakujua kwa nini kilifanya kazi.

Mwaka 1854, William Stokes wa Dublin alichapisha kitabu kikubwa kuhusu magonjwa ya moyo, na humo akapendekeza wenye moyo dhaifu watembee kwa miguu kwa utaratibu. Mwaka 1885 huko München, Ujerumani, daktari aitwaye Oertel aliwapangia wagonjwa wake njia za kupanda vilima, za mteremko mdogo kwanza, halafu mkubwa zaidi. Kwa hiyo wazo la mazoezi kama tiba ya moyo lilikuwapo kabla babu yangu hajazaliwa.

Ila kulikuwa na sauti nyingine, na ndiyo iliyoshinda. Mpasuaji wa London, John Hilton, alitoa mihadhara miaka ya 1860 kuhusu kupumzika na maumivu, na mihadhara hiyo ikawa kitabu kilichosomwa na madaktari vizazi na vizazi. Hoja yake ilikuwa rahisi na ya kuvutia: mwili hujitibu wenyewe ukiachwa utulie. Mfupa uliovunjika unafungwa, hautembezwi. Kwa nini moyo uwe tofauti? Mwaka 1912, James Herrick wa Chicago alipoeleza shambulio la moyo linalotokana na mshipa kuziba, alishauri mgonjwa alale. Baadaye, miaka ya 1930, wataalamu walipochunguza mioyo ya marehemu waliona kovu la moyo linachukua wiki sita hivi kukomaa. Basi wiki sita kitandani zikawa sheria. Kuna wagonjwa waliolishwa kwa kijiko na kugeuzwa na manesi, wakikatazwa hata kunyoosha mkono kuchukua glasi ya maji.

Kwa ugonjwa kama wangu hali ilikuwa ngumu zaidi. Ugonjwa wangu haukuanza na mshipa kuziba. Ulianza na koo. Mtoto anapata mafindofindo yanayosababishwa na bakteria wa streptokoka, hatibiwi ipasavyo, na baada ya wiki mbili tatu viungo vinavimba: leo goti, kesho kiwiko. Mwili unapopigana na bakteria wale unajikuta unapigana na moyo wake wenyewe. Viungo vinapona, moyo haujaponi vilevile. Milango yake inabaki na makovu, na kila homa ya namna hiyo ikirudi inaongeza kovu juu ya kovu. Watoto wa Uingereza na Marekani wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliougua hivi, hasa watoto wa maskini waliobanana katika vyumba vichache, walipelekwa kwenye hospitali maalumu na kulazwa miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka, kitanda kwa kitanda, wakisomea huko huko. Walilazwa kwa sababu penisilini ilikuwa bado haijafika na hakukuwa na kingine cha kuwapa. Kwa moyo unaowaka homa, kutulia kulikuwa na maana yake. Tatizo ni kwamba dawa zilipopatikana, neno pumzika halikuondoka. Likasafiri kwenye vitabu, likapanda meli na wamisheni na serikali za kikoloni, na hatimaye likafika hadi mlangoni kwa mama yangu.

Kiti, basi na kitanda

Kitanda kilianza kupoteza kesi yake mwaka 1952. Samuel Levine na kijana wake Bernard Lown, huko Boston, waliwachukua watu 81 waliopata shambulio la moyo na badala ya kuwalaza wakawakalisha kwenye kiti, wengi wao tangu siku za kwanza. Wenzao waliona ni ukatili. Wagonjwa hawakufa kwa kukaa. Walipona vizuri, tena wakiwa na furaha zaidi. Nikisoma habari hiyo nilimkumbuka dada wa mazoezi na kile kiti chake cha plastiki pembeni ya kitanda changu. Mimi nilimwona mkali. Kumbe alikuwa mrithi wa mapambano ya miaka mingi.

Mwaka uliofuata, 1953, Jerry Morris na wenzake wa London walitoa matokeo kuhusu wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000. Mabasi ya ghorofa ya London yalikuwa na dereva anayekaa na kondakta anayepanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Wanaume hao walitoka mitaa ileile na tabaka lilelile, lakini makondakta walipatwa na magonjwa ya mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipata shambulio la moyo, na daktari wake Paul Dudley White akamhimiza arudi kwenye kazi na mchezo wake wa gofu taratibu. Dunia nzima ikatazama.

Halafu likaja jaribio ninalolipenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Mwaka 1966 huko Dallas, vijana watano wa miaka 20 wenye afya njema walikubali kulala kitandani wiki tatu bila kuinuka, nguvu za moyo na mapafu yao zikapimwa kabla na baada. Miaka 30 baadaye wakapimwa tena, wakiwa watu wazima wenye vitambi. Wiki tatu za kitanda ziliwapunguzia uwezo wa mwili kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Nilipomsomea mama habari hii, kwa Kisukuma, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Hao walikuwa wameshonwa moyo?"

Hawakuwa. Mama alikuwa amegusa penyewe.

Kidole ndani ya moyo

Maana habari za makondakta na Eisenhower ni habari za mishipa. Za valvu zina njia yake.

Moyo una milango minne inayoruhusu damu ipite upande mmoja tu. Wangu ulioharibika ni ule wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Makovu yaliufanya mwembamba kama mfuko uliokazwa kamba. Mlango wa namna hiyo hautibiwi kwa mazoezi. Kabla haujatengenezwa, mbio zinaweza kukuua: moyo ukienda haraka damu haipati muda wa kupita, inarudi mapafuni. Nililijua hilo nikiwa na mimba. Kufikia mwezi wa saba nilikuwa nalala nimekaa, nikikohoa povu, na watu wakisema ni mimba tu, mwingine akisema nimerogwa. Mwanangu alizaliwa salama kwa rehema za Mungu na juhudi za manesi. Ndipo nikapimwa moyo kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka 30.

Watu wa kwanza waliothubutu kuugusa mlango huu walilipa gharama. Mwaka 1923 Elliott Cutler wa Boston alimpasua msichana wa miaka 12 na akaishi miaka kadhaa, lakini karibu wote waliofuata walikufa, akaacha. Mwaka 1925 Henry Souttar wa London aliingiza kidole chake ndani ya moyo wa binti mmoja, akaupanua mlango kwa kidole. Binti akapona akarudi nyumbani. Ungedhani Souttar angeletewa wagonjwa foleni. Hakuletewa hata mmoja. Madaktari wa wakati ule waliamini kwamba kinachoua ni misuli ya moyo kuchoka, na mlango ni jambo dogo. Miaka zaidi ya 20 ikapita. Mwaka 1948 Charles Bailey wa Philadelphia, baada ya kupoteza wagonjwa kadhaa na kuitwa majina mabaya na wenzake, alifaulu. Wiki moja hivi baadaye akapanda treni na mgonjwa wake hadi Chicago kumwonyesha kwenye mkutano wa madaktari. Ushahidi wake ulikuwa huo: mwanamke aliyesimama kwa miguu yake.

Valvu ya bandia nayo ilikuja mwaka 1960, Oregon, Marekani. Albert Starr alikuwa mpasuaji, na Lowell Edwards alikuwa mhandisi mstaafu. Valvu yao ilikuwa mpira mdogo ndani ya kizimba, unaopanda na kushuka. Mmoja wa wagonjwa wao wa mwanzo kabisa, mwanamume wa miaka 52, aliishi miaka kama kumi hivi. Hakufa kwa moyo. Alianguka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba yake. Mama alipolisikia hilo alisema, "Unaona? Angepumzika." Nami nikasema, "Mayu, alipata miaka kumi ya kupaka rangi." Hatukuelewana.

Swali la mama, kwamba walioshonwa moyo wafanyeje, lilichelewa mno kuulizwa na wataalamu. Mwaka 1987 mtafiti wa Norwei aliwafuatilia watu 44 waliobadilishwa valvu, baadhi wakipewa mazoezi ya mpango. Ilipofika 2016, waliokusanya majaribio yote ya namna hiyo duniani yaliyokidhi vigezo vyao walipata mawili tu, yenye watu 148 kwa jumla. Mwaka huohuo watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watu 147: waliofanya mazoezi baada ya upasuaji wa valvu walikuwa, baada ya miezi minne, na uwezo mkubwa zaidi wa mwili kutumia oksijeni kuliko wenzao. Lakini katika afya ya akili, hofu zao na huzuni zao, tofauti haikuonekana.

Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi. Mazoezi yanaipa miguu nguvu. Hofu inahitaji kitu kingine.

Waliokuwa wakitembea

Ajabu ni kwamba sehemu ya historia hii iliandikwa karibu na kwetu, na wala shuleni hatuifundishi.

Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, alichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimaasai wa Tanganyika. Walikula nyama na maziwa kwa wingi, na kwa nadharia za wakati ule mioyo yao ilitakiwa iwe mibovu. Haikuwa. Mwaka 1972 akatoa matokeo ya kuchunguza miili ya marehemu 50 wa Kimaasai. Humo akakuta mafuta kwenye kuta za mishipa kama ya Wamarekani wazee, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikipita bila shida. Maelezo yake: watu hawa hutembea.

Hivi karibuni zaidi, mwaka 2017, watafiti walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao eneo lao linagusa Meatu, wilaya jirani yetu ambayo hadi 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Walifungwa vifaa vya kuhesabu mapigo ya moyo. Kwa siku walikuwa na dakika kama 135 za shughuli za kutoa jasho la wastani au zaidi, na shinikizo la damu lilikuwa nadra hata kwa wazee.

Nasi Wasukuma je? Ndugu zetu Wanyamwezi, na Wasukuma pamoja nao, ndio waliokuwa wapagazi wa karne ya 19, wakibeba mizigo ya kilo 30 hivi kutoka Unyanyembe hadi pwani ya Bagamoyo, safari ya miezi. Walitembea wakiimba. Waliporudi, walilima wakiimba. Vikundi vya kulima kwa zamu, shamba la huyu leo na la yule kesho, vilizaa ngoma kama bugobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha majembe juu na kuyadaka. Frank Gunderson, Mmarekani aliyekaa sana Usukumani, alikusanya nyimbo za kazi za aina hii katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 2010.

Hapo nilicheka peke yangu. Maana dada wa mazoezi alinifundisha kipimo rahisi sana: ukitembea uweze kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha, punguza. Ukiweza kuimba wimbo mzima bila shida, ongeza mwendo kidogo. Wataalamu wana vipimo vyao vya namba. Gunnar Borg wa Sweden alitengeneza ngazi inayoanzia 6 hadi 20, mgonjwa anataja mwenyewe amechoka kiasi gani. Wana pia kipimo cha kutembea dakika sita, kilichoanza kutumika mwaka 1982 kwa wagonjwa wa mapafu, kisicho na mashine zaidi ya korido na saa. Lakini hiki cha kuongea na kuimba babu zangu wangekielewa bila kutafsiriwa. Anayeongoza wimbo shambani hawezi kulima kwa pupa.

Sitaki kuwapamba mababu kupita kiasi. Kutembea hakukuwakinga na streptokoka. Katika nyumba za udongo zilizojaa watoto, na leo katika kambi za wachimbaji zilizobanana ukanda huu wa dhahabu hadi Geita, koo la mtoto mmoja ni koo la watoto kumi. Ugonjwa wangu haukuja kwa uvivu, wala mazoezi yasingeuzuia. Kinachozuia ni penisilini. Jaribio lililofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kutolewa mwaka 2021, lilihusisha watoto 818 walioonekana kwenye kipimo kuwa na dalili za mwanzo ambazo wenyewe hawazihisi. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila mwezi. Baada ya miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Nilipokuwa darasa la tatu, nikichechemea na goti lililovimba, hakuna aliyenichoma. Bibi alinikanda kwa maji ya moto, akasema ninakua.

Kurudi

Kwa wagonjwa wa Tanzania, kwa miaka mingi, upasuaji wa moyo ulikuwa na jina moja: India. Ulipewa rufaa, ukasubiri, wengine wakafa wakisubiri. Mwaka 2008 Muhimbili ilianza kufanya upasuaji wa moyo, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanza kusimama peke yake. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Ni mbali, lakini basi linafika. Kwa hiyo mimi ni zao la tarehe. Ningeugua miaka ya mwanzo ya 1990, makala haya yasingekuwapo.

Ila upasuaji ni siku moja na kupona ni miezi. Ukirudi huku, dada wa mazoezi hayupo. Hakuna mashine ya kutembelea, hakuna kikundi cha wagonjwa wenzako. Kuna barabara ya vumbi, jua, baiskeli, bodaboda, na majirani wanaokuja kukupa pole wakitaka uwe umelala, maana wamekuja kumwona mgonjwa. Niliwahi kujilaza haraka niliposikia hodi. Nikiwa nimekaa wangeniuliza mbona sijalala.

Nilikuwa na karatasi ya maagizo, nimeikunja ndani ya Biblia. Miezi mitatu ya kwanza, mfupa wa kifua unaunga: usiinue kinachozidi kilo chache, usivute, usisukume, ukikohoa kumbatia mto. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto wangu alikuwa na kilo 9. Kwa miezi mitatu sikumbeba mgongoni, na hilo liliniuma kuliko kovu. Dawa ya warfarini kila jioni ili damu isigande kwenye valvu, na damu kupimwa mara kwa mara. Mboga za majani, mlenda, matembele, nsansa ya kunde, nile kwa kiasi kilekile kila wiki, maana majani yanabishana na dawa. Nijihadhari na kuanguka na kugongwa, kwa sababu damu yangu sasa haikomi haraka. Mimba nyingine si jambo la kubahatisha; nimuone daktari kwanza. Na kutembea: dakika tano asubuhi, tano jioni, kila wiki niongeze. Nikisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua, au miguu ikivimba, nisimame na niende hospitali.

Yote hayo mama aliyashika, isipokuwa la mwisho. Au tuseme aliyashika yote ya kukataza. Kukataza kunaeleweka. Mtu akikupenda, anajua kukukataza.

Kilichotusaidia hakikutoka kwenye vitabu vyangu. Kilitoka nyuma ya nyumba, kwenye ngitili. Kwa asiyejua: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, majani na miti ipumue, kisha linafunguliwa kiangazi kukiwa hakuna majani kwingine. Ni utaratibu wa Wasukuma tangu zamani. Ulikuwa karibu kufa, Shinyanga ikiwa karibu kugeuka jangwa, hadi mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulipowahimiza watu waurudie. Marehemu baba aliacha ngitili ndogo, na mama huilinda kwa ukali. Mtoto wa jirani akiingiza mbuzi, kijiji kizima kinasikia.

Jioni moja, wiki chache baada ya kisa cha ndoo, tulikuwa tumekaa nje. Akasema mwaka huu ataifungua mapema kidogo, majani yameshika. Nikamuuliza, nikiwa sina nia yoyote, "Ukiifunga moja kwa moja, usiifungue kabisa, inakuwaje?"

Akasema, "Inakuwa pori. Majani yanazeeka, yanakuwa magumu, ng'ombe hawali. Moto ukija unaondoka na vyote." Akanyamaza. Mama si mtu wa kukubali kushindwa kwa maneno. Alichukua fimbo yake, akasimama. "Haya, twende tukaione. Lakini taratibu."

Tukatembea. Ilikuwa dakika kumi na mbili kwenda, nilihesabu kwa saa ya simu. Njiani alikuwa akinisemesha mfululizo, habari za pamba, za bei, za mjomba, na kila nikijibu alikuwa ananitazama usoni. Baadaye sana ndipo nikagundua: alikuwa ananipima. Nilikuwa nimemwambia kile kipimo cha kuongea siku nyingi nyuma, nikidhani hakusikia.

Tulirudia kesho yake. Na kesho kutwa. Watu tuliokutana nao walisalimia, mwangaluka, mhola, wakimwangalia mama kana kwamba wanamshitaki: mbona unamtembeza mgonjwa? Yeye alijibu kwa sauti: "Mhola duhu. Tunafanya mazoezi." Neno hilo, mazoezi, kwa mama wa miaka 60 na kitu aliyelima pamba maisha yake yote, lilikuwa la ajabu mdomoni. Alilitamka kama mtu anayevaa viatu vipya.

Sasa ni miaka kadhaa. Nafundisha vipindi vyangu vyote nikiwa nimesimama. Jembe nashika, si siku nzima. Ndoo ya lita 20 sibebi. Nabeba mbili za lita kumi kwa safari mbili, na mama hanyang'anyi tena. Warfarini nameza kila jioni, na nikikosa fedha ya nauli ya kwenda kupima damu, hofu inarudi kama wageni wasiobisha hodi. Ile hofu ambayo watafiti wa Denmark hawakuona ikipungua kwa mazoezi, na mimi naijua. Usiku nikiwa macho, valvu inagonga na ninaihesabu.

Lakini jioni tunatembea. Mama ndiye anayechoka siku hizi, magoti yanamsumbua, na mimi ndiye ninayemwambia tusimame kidogo. Hapo hunitazama na kusema, "Usinilaze. Twende."